Jibu Lililomo Ndani ya Maneno
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Masasi)



Nimeombwa niseme juu ya mitihani ya kuingilia vyuo na kazi, na hasa juu ya namna moja ya swali iwashindayo watu wengi, ijapokuwa masomo yao mengine wanayajua vema. Mtahiniwa hupewa maneno machache, kisha huulizwa: Ikiwa maneno haya ni kweli, ni lipi katika majibu yafuatayo ambalo ni lazima liwe kweli?

Mtihani ujulikanao sana kwa maswali ya jamii hii ni ule uitwao LSAT, wa kuingilia shule za sheria. Ulifanywa mara ya kwanza Marekani mwaka 1948, na hata leo watumika huko na Kanada. Tangu Agosti 2024 mafumbo ya kupanga watu na vitu yameondolewa, na maswali ya kupima hoja yamepata nafasi kubwa zaidi. Katika sehemu moja ya maswali hayo mtahiniwa ana dakika 35 kujibu maswali 24 hadi 26, na kila swali lina majibu matano ya kuchagua. Basi swali moja halipati hata dakika moja na nusu. Wachache kati yetu watakaa kwa mtihani huo. Lakini ndugu zake hukutwa katika mitihani mingi ya kupima akili wapewayo waombaji wa kazi, na hapo ndipo mlango hufungwa au hufunguliwa.

Kwa nini swali hili hutushinda? Si kwa upungufu wa akili. Sisi tumelelewa katika vitendawili. Mtoto akiambiwa, "Nyumba yangu haina mlango," hajibu kwa maneno yale tu. Huenda mbali, akapekua yote ayajuayo ya dunia, mpaka akaliona yai. Kuyatoka maneno ndiko kushinda. Mtihani huu wataka kinyume chake: jibu limo ndani ya maneno, na anayeyatoka hupotea.

Jambo hili limechunguzwa katika nchi nyingine pia. Mwaka 1931 na 1932 mtaalamu wa Kirusi, Alexander Luria, aliwaendea wakulima wa Uzbekistan. Aliwaambia kwamba huko kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe. Na ya kwamba Novaya Zemlya ni mahali pa kaskazini ya mbali. Je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi wa wale wasiosoma walikataa kujibu, wakasema hawajafika huko, na aulizwe aliyefika. Waliokwisha kusoma, hata kwa muda mfupi, walijibu mara moja. Baadaye Sylvia Scribner, aliyefanya kazi pamoja na Michael Cole nchini Liberia, aliyatazama majibu ya namna hiyo kwa makini. Akaonyesha kwamba wanavijiji walifikiri kwa utaratibu ulio sawa kabisa, ila walianzia katika mambo waliyoyajua wenyewe, wala si katika maneno waliyopewa. Basi kijana akishindwa, tusimwambie kwamba hana akili. Tumwambie kwamba huu ni mchezo wenye sheria zake, na sheria hufundishika.

Sheria ya kwanza: lililosemwa ni moja, na lijulikanalo ni jingine. Tuchukue maneno haya: "Korosho zote zilizomo ghalani humu zimepimwa. Gunia hili ni la korosho za Newala." Je, gunia hili limepimwa? Wengi watasema ndiyo, kwa kuwa wanajua desturi ya maghala. Lakini hatukuambiwa kwamba gunia limo ghalani humu. Natija haipatikani.

Sheria ya pili: usiyageuze maneno nyuma mbele. "Kila mvua kubwa inyeshapo, lori halipandi Newala." Leo lori halikupanda. Je, mvua kubwa imenyesha? Hatujui, labda petroli imekwisha, labda dereva anaumwa. Lakini tukisikia kwamba lori limepanda, hapo twaweza kusema bila shaka yoyote kwamba mvua kubwa haikunyesha. Maneno ni yale yale; njia moja ni halali, na nyingine ni makisio tu. Watunga mitihani hupenda sana kuyaweka makisio hayo katikati ya majibu, yakiwa yamevaa nguo nzuri.

Sheria ya tatu: pima maneno madogo, hasa unapofasiri Kiingereza kichwani. Kwa Kiswahili, "makarani wote hawakufika" twaelewa kwamba hakufika hata mmoja, nasi tukitaka kusema kwamba wengine walikosa, twasema "si wote waliofika." Kiingereza huweza kutumia maneno ya mpango ule wa kwanza kwa maana hii ya pili. Kadhalika neno "baadhi." Kwetu, mtu akisema baadhi ya makarani wamefaulu, twaelewa kwamba wengine wameshindwa. Katika mtihani huo maana yake ni kwamba amefaulu angalau mmoja, na yawezekana wote. Atakayejibu kwamba lazima wako walioshindwa amekosa, ingawa katika mazungumzo angekuwa na haki.

Sheria ya nne: jihadhari na jibu lenye kelele. Majibu yenye "daima," "kamwe" na "peke yake" hudai mengi, na mara nyingi maneno tuliyopewa hayana nguvu ya kuyabeba. Jibu la unyenyekevu, lisemalo "yawezekana" au "angalau mmoja," huonekana dogo, lakini mara nyingi ndilo la kweli.

Sheria ya tano ni mizani ya hizo zote. Ukiisha kuchagua jibu, jaribu kulikanusha. Jiulize: Je, naweza kuwaza hali moja tu ambayo maneno yote niliyopewa ni kweli, na jibu hili ni uongo? Ukiiona hali hiyo, liache jibu. Usipoiona, kwa kuwa kila unapolikanusha wagombana na maneno uliyopewa, basi hilo ndilo.

Wenzangu, sasa nataka kusema neno litupasalo sisi tuliokwisha kuketi mezani. Sikilizeni hoja hii: "Kila aliyelipa ana stakabadhi. Mama huyu hana stakabadhi. Basi hakulipa." Mkiipima kwa sheria nilizozitaja, imenyoka. Katika mtihani ingepata alama zote. Lakini ofisini yaweza kuwa dhuluma kubwa, kwa sababu neno la kwanza si kweli: karatasi huliwa na mchwa, huloa mvua, huungua pamoja na nyumba. Mtihani hutuamuru tuyakubali maneno ya kwanza bila kuyauliza. Hakuna aliyetuamuru hivyo katika kazi. Yule mkulima aliyesema, "Aulizwe aliyefika," angeshindwa mtihani. Lakini karani asemaye, "Nipe nafasi nitazame daftari kabla sijakufukuza," huyo ndiye mtumishi wa watu.

Kwa hiyo tuwafundishe vijana wetu ujuzi wote wawili, nao wajue wakati wa kila mmoja. Nashauri wanachama wakutane mara moja kwa juma na watahiniwa. Maswali matano yatosha. Wasihesabu alama, bali kila mtu aeleze kwa kinywa chake kwa nini majibu manne hayafai. Atakayeweza kueleza kosa la jibu baya hatanaswa nalo siku ya mtihani. Na sisi wenyewe, kesho asubuhi, kabla ya kuandika "hakulipa" juu ya jina la mtu yeyote, tuulize kwanza kama neno tunaloanza nalo ni kweli.