Mbwa wa Msako katika Fasihi: Kitisho, Windo na Mkono Ulioshika Kamba

Mbwa wa msako, yaani mbwa aliyezalishwa na kufunzwa kufuata windo kwa pua au kwa macho mpaka windo lenyewe lichoke, ni miongoni mwa ishara kongwe katika fasihi andishi ya Ulaya na ya nchi zilizotawaliwa nayo. Ishara, kwa maana inayotumika katika mada hii, ni kitu kinachoonekana ndani ya kazi ya fasihi kikiwa kamili kwa nafsi yake na papo hapo kikabeba maana nyingine iliyo pana zaidi. Mbwa huyu hubeba maana mbili zinazokaribiana lakini zisizo moja: kitisho, ambacho ni uwezo wa kuumiza unaofanya kazi hata kabla ya jeraha lolote, na msako, ambao ni mwendo wa kumfuata mtu asiyepata nafasi ya kupumzika. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ishara hii husomwa vibaya pale inapochukuliwa kuwa sura ya ukali wa maumbile au ya uovu usio na mwenyewe, kwa kuwa karibu kila mbwa wa msako katika fasihi ana mtu aliyemlisha, akamnusisha na kumfungulia, na uzito wake kisanaa hutegemea jinsi mwandishi anavyomficha au kumfichua mtu huyo.

Katika tamthilia tatu za Aeschylus zilizoigizwa Athens mwaka 458 KK, Orestes anamuua mama yake Clytemnestra kulipiza kisasi cha baba yake, kisha anafuatwa na Erinyes, miungu wa kike wanaodai damu iliyomwagwa na ndugu wa damu. Miungu hao wanasawiriwa kama mbwa: wanamfuata mkosaji kwa harufu ya damu, na hata wakiwa usingizini wanalia kama mbwa anayeota yuko mawindoni. Anayewaamsha na kuwakaripia kwa uzembe ni mzimu wa Clytemnestra mwenyewe, kwa hiyo mkono ulioshika kamba unaonekana jukwaani, nao ni wa maiti. Ovid, mshairi wa Roma aliyeandika Metamorphoses mwanzoni mwa karne ya 1 BK, aliichukua hadithi ya Actaeon na kuipindua hali hiyo, kwani mwindaji huyo, baada ya kumwona mungu wa kike Diana akioga, anageuzwa kulungu na kuraruliwa na mbwa aliowafuga mwenyewe. Ovid anawataja mbwa hao kwa majina, zaidi ya 30, na orodha hiyo, ambayo baadhi ya wasomaji huiruka kwa kuiona pambo, ndiyo kiini cha ukatili wa kisa, kwa sababu bwana anayewajua mbwa wake mmoja mmoja hana tena sauti ya kuwaita.

Mshairi Mwingereza Francis Thompson alikwenda mbali zaidi katika The Hound of Heaven, shairi lililochapishwa mwaka 1890, ambamo anayesaka ni Mungu na anayesakwa ni nafsi inayokimbia rehema. Mbwa anatajwa katika anwani, ilhali ndani ya shairi kinachosikika ni mwendo wa miguu isiyo na haraka. Ni sitiari ya kijasiri, yaani ulinganisho usiotumia neno la kulinganisha, ingawa msomaji aliyelelewa katika mazingira ya Kiislamu ya mwambao, ambako chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo, hana budi kuvuka kikwazo ambacho Thompson hakukifikiria.

Riwaya ya Arthur Conan Doyle, The Hound of the Baskervilles, iliyotolewa kwa mfululizo katika jarida la The Strand kuanzia Agosti 1901 hadi Aprili 1902, ndiyo iliyompa mbwa wa msako sura inayokumbukwa na wengi. Mandhari yake ni nyika ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, na taharuki yake, yaani hali ya msomaji kuning'inizwa kati ya kujua na kutojua, inajengwa kwa kumnyima msomaji mbwa mwenyewe: kwanza inasomwa hati ya kale inayosimulia laana ya ukoo, kisha zinatajwa nyayo karibu na maiti, kisha unasikika mlio kutoka kwenye kinamasi. Marehemu huyo, Sir Charles Baskerville, hana hata alama ya jino mwilini, kwa kuwa moyo wake mgonjwa umesimama kwa hofu. Kitisho kimefanya kazi yote na meno hayakuhitajika.

Ufundi wa riwaya hiyo, hata hivyo, anaonekana zaidi katika jambo dogo la viatu. Mrithi, Sir Henry, anaibiwa kiatu kipya hotelini London, kiatu hicho kinarudishwa, na badala yake kinaibiwa kikuukuu, na mpelelezi Sherlock Holmes anatambua kwamba mwizi anatafuta harufu, ambayo kiatu kisichovaliwa hakina. Hapo laana ya karne kadhaa inashuka hadi kwenye ngozi na jasho la mguu. Nyuma ya mbwa yuko Stapleton, jamaa wa ukoo anayeficha nasaba yake ili arithi mali, ambaye amemnunua mnyama kwa mfanyabiashara wa London, akamficha katika mgodi wa bati uliohamwa, akampaka fosforasi ili ang'ae gizani. Kabla njama hiyo haijavunjwa, mbwa anamkimbiza hadi kufa Selden, mfungwa mtoro aliyevaa nguo kuukuu za Sir Henry. Maskini anakufa kwa harufu ya tajiri, na riwaya inakipita kifo hicho upesi kuliko kinavyostahili.

Ishara hii inabadilika kabisa inapofika kwenye maandishi ya utumwa, kwa sababu huko mbwa alikuwa chombo cha kazi kabla hajawa sanaa. Mwaka 1795 serikali ya Waingereza nchini Jamaica ilipopigana na Wamaroon, jamii huru za watoro na wazao wao waliokaa milimani, iliagiza kutoka Cuba mbwa wapatao 100 pamoja na wafunzi wao, na habari za kuwasili kwao zilichangia kuwafanya wapiganaji hao waweke silaha chini kabla mbwa hawajatumika vitani kwa kiasi chochote cha maana. Conan Doyle hakulibuni jambo hilo la kitisho kufanya kazi kabla ya meno. Mabwana wa mashamba walilijua miaka mia moja kabla yake.

Solomon Northup, mtu huru wa New York aliyetekwa mwaka 1841 na kuuzwa Louisiana, alisimulia katika Twelve Years a Slave, kitabu cha mwaka 1853, jinsi alivyokimbilia kinamasi baada ya kupigana na bwana wake Tibeats, huku mbwa wakimkaribia. Aliokoka kwa kuwa alijua kuogelea, na maji huikata harufu; naye anaeleza kuwa watumwa wa eneo lile hawakuruhusiwa kujifunza kuogelea, kijito kidogo tu kikatosha kuwafunga. Baadaye, akiwa kwa bwana mwingine, aliwachapa mbwa wa bwana huyo kila alipokutana nao msituni peke yake, ili siku akitoroka wamwogope. Kifungu hicho hakitajwi sana na wahakiki, nacho kina thamani kubwa, kwani windo linakubali kwamba mbwa ni mafunzo na linaingilia mafunzo hayo kwa siri. Katika Aeschylus anayesakwa ana damu mikononi. Kwa Northup hatia yote iko upande wa mwenye kamba.

Patrick Chamoiseau wa Martinique, katika riwaya yake ya mwaka 1997 kuhusu mtumwa mzee anayetoroka na mbwa mkubwa anayetumwa kumsaka, anaongeza jambo ambalo Northup hakuwa na nafasi ya kulitazama: mbwa naye aliletwa kwa meli, akayumbishwa na bahari ileile. Mwishoni mnyama anamlamba mzee badala ya kumrarua, na bwana anarudishiwa mbwa asiyemtambua tena.

Kwa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu ni riwaya ya A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyochapishwa mwaka 1967. Mbwa wa Dakta Lynd, mwanamke mzungu anayefanya kazi Githima, aliwahi kukatwakatwa kwa mapanga na watu ambao mmoja wao alikuwa mtumishi wake wa nyumbani. Ngũgĩ haondoi uchungu wa mwanamke huyo, wala haoni haja ya kuwaombea radhi waliomuua mnyama. Mahali pengine mbwa mwingine wa Lynd anamwendea Karanja, mfanyakazi Mwafrika anayewanyenyekea wazungu, naye anaokota jiwe kujihami, na anayejikuta akitakiwa kujieleza ni Karanja. Katika tukio hilo mbwa hajauma mtu. Mwenye kamba amesimama hadharani, amevaa mavazi ya ofisi, na sheria iko upande wake.