Maji Maangavu Si Lazima Yawe Safi

Wasikilizaji, watu wengi hupima maji ya mto kwa macho na kwa pua. Yakiwa meusi au yakinuka huyaepuka. Yakiwa maangavu huyateka. Lakini uko uchafu ambao macho hayauoni wala ulimi hauuonji.

Mto Nairobi hutoka katika kinamasi cha Ondiri, karibu na Kikuyu, ukapita pande za Kawangware. Kijito cha Motoine nacho hupita kando ya Kibera na kuingia katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953. Yatokapo huko, maji yake huitwa mto Ngong. Mahali pengi hapana mabomba ya kuchukua maji machafu, kwa hiyo ya vyooni hutiririkia mtoni. Dawa aliyomeza mgonjwa haiishii yote mwilini. Sehemu yake hutoka kwa haja, ikafuata njia iyo hiyo.

Mwaka wa 2022 mabingwa walioongozwa na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitangaza matokeo ya kupima mito 258 katika nchi 104, Kenya ikiwa mojawapo. Dawa ya kifafa, dawa ya kisukari, na kafeini iliyomo katika chai na kahawa, kila moja ilionekana katika zaidi ya nusu ya mahali palipopimwa.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Chupa safi hujazwa maji, huandikwa mahali, siku na saa, kisha hutiwa katika sanduku la barafu ili dawa zisiharibike njiani. Chupa nyingine hutiwa maji yajulikanayo kuwa safi: hiyo ikionekana na kafeini, yafahamika kwamba imetoka mkononi mwa mpimaji, wala si mtoni. Katika maabara maji huchujwa, yakapitishwa katika kibomba chenye unga unaonasa dawa. Unga huoshwa kwa spiriti kidogo, na dawa iliyokuwa katika maji mengi hukusanyika katika matone machache. Mashine moja huzitenga dawa. Ya pili hupima uzito wa chembe zake na wa vipande vyake, na kwa uzito huo kila dawa hutambulikana. Kipimo ni nanogramu, yaani gramu moja iliyogawanywa mara 1,000,000,000.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakutegemewi kuondoa dawa. Kiasi hicho kidogo hakimwangushi mtu siku moja. Hatari ni kwamba vijidudu vikaavyo katika dawa kidogo kidogo huweza kuizoea, na siku mtoto augupo, dawa ile ile isimfae.

Basi dawa zilizobaki zisitupwe chooni wala mtoni. Yafaa kuuliza kwa mwuza dawa au zahanatini. Tena mwenye chupa akionekana ukingoni asidhaniwe mpelelezi. Aonyeshwe mahali ambapo mifereji huingia mtoni, kwa kuwa wenyeji ndio wapajuao. Mashine hujua yaliyomo chupani tu. Chupa ikijazwa mahali pasipofaa, mtaa mzima hubaki gizani.