Kupiga Chapa Maandishi ya Chuo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Tabora)



Wengi wenu mmekwisha sikia kwamba walimu wa chuo kimoja wametuomba tuwasaidie kutoa kitabu chao cha mwaka, nacho chama kimenituma mimi niitazame kazi hiyo kabla fedha haijatoka sandukuni. Basi nitasema niliyoyaona, na mengine niliyoyatenda kwa mkono wangu mwenyewe, ambayo si ya kujivunia.

Kazi ya kupiga chapa chuoni si ngeni kwetu. Askofu Steere alifika Unguja mwaka 1864, na katika misioni yake vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi za risasi na kuendesha mashine. Mwaka 1888 likatoka Kiungani gazeti lililoitwa Msimulizi, lenye habari za vituo vya misioni vya Unguja na bara. Huko Tanga nako, katika shule ya serikali ya Wajerumani, lilianza gazeti la Kiongozi mwaka 1904, likaendelea mpaka 1916, wakati wa vita. Na hapa nyumbani, mwaka 1950, jina hilo la Kiongozi lilifufuliwa na Wakatoliki huko Kipalapala, penye seminari na mtambo wa kupiga chapa ambao vitabu vyake vimesomwa na wengi wetu.

Jina hilo halipaswi kutupita bure sisi watu wa Tabora. Katika safari za zamani, kutoka Bagamoyo hata Unyanyembe na kuendelea mpaka Ujiji, mtu aliyewatangulia wapagazi, mwenye kushika bendera, aliitwa kirangozi. Na neno ni lile lile. Babu zetu waliochukua pembe na nguo njia ile walijua kwamba safari haianzi siku ya kuondoka. Huanza siku mizigo inapopimwa na kufungwa, kila mtu kadiri ya frasila mbili. Mzigo uliofungwa vibaya hauonyeshi ubaya wake Bagamoyo. Huuonyesha Mgunda Mkali, mahali pasipo maji wala mtu wa kuazima kamba.

Sasa nieleze kwa nini nayasema haya. Kabla sijaingia kazi niliyo nayo, nalikuwa karani katika chuo kimoja nisichokitaja. Mwaka mmoja tulitoa karatasi iliyokunjwa ya kuwaarifu wazazi: ada, nguo za kuleta, na siku ya kufungua. Mkuu wa chuo alitaka ipendeze, nami nikataka kumpendeza mkuu. Tulitumia siku tisa tukishindana juu ya picha ya mbele na aina ya herufi za kichwa. Karatasi ya kusahihisha ilipotufikia kutoka kwa mpiga chapa, ilitufikia Ijumaa saa tisa, naye mjumbe amesimama mlangoni akingoja. Niliisoma peke yangu, upesi, nikitazama kama picha imekaa sawa. Nikatia sahihi. Siku ya kufungua ilikuwa tarehe 7. Karatasi ilisema tarehe 17.

Tulipoligundua kosa tulipeleka barua, lakini barua hazifiki kila mahali. Tarehe 16 alikuja mzee mmoja na mwanawe, wametembea siku tatu kutoka kijijini kwao hata stesheni, kisha wakapanda gari la moshi. Alikuwa na furaha kwamba amewahi siku moja mbele. Nafasi ya kijana ilikuwa imekwisha pewa mwingine tarehe 10. Mzee akafungua kitambaa, akaitoa ile karatasi yetu nzuri, akaniuliza, "Mwanangu, huyu kijana amenisomea vibaya?" Maana yeye mwenyewe hakujua kusoma. Nikamjibu, "La, baba. Kijana amesoma sawasawa. Mimi ndiye niliyeacha kosa." Nilikwenda kwa mkuu kuwaombea, na mkuu alisikitika kweli, lakini vitanda vilikuwa vimehesabiwa. Waliondoka kwa gari la usiku. Sikusikia habari za kijana yule tena.

Kwa hiyo, niliposoma maombi ya walimu hawa na kuona kwamba kurasa mbili nzima zinaeleza jalada, na mstari mmoja tu unasema juu ya kusahihisha, moyo wangu ulistuka.

Niwaeleze kazi ilivyo. Kwanza yatupasa kujua kitabu ni cha nani. Walimu wameniambia ni "cha watu wote." Kitabu cha watu wote hakina msomaji. Nadhani ni cha wanafunzi waliokwisha toka, na cha wazazi. Basi orodha ya majina na mahali walipo ni bora kuliko hotuba za wakubwa, hata kama wakubwa wenyewe watanuna kidogo.

Pili, kurasa. Mpiga chapa hapigi ukurasa mmoja mmoja. Hupiga karatasi kubwa, kisha huikunja ikawa kurasa nane au kumi na sita. Walimu wameleta maandishi ya kurasa 35. Hizo tatu zinazozidi 32 zitatugharimu kama karatasi nzima, na kurasa tupu zitabaki mwishoni. Ama wapunguze tatu, ama waongeze tano. Neno hili huamuliwa kabla ya kupanga herufi. Baada ya hapo ni kuvunja kazi na kulipa mara mbili.

Tena kuna jambo dogo ambalo lilinichekesha nilipoonyeshwa mara ya kwanza. Sanduku la herufi lililopangwa kwa Kiingereza lina e nyingi kuliko zote, kwa kuwa Kiingereza hula e. Kiswahili chetu hula a. Tazameni tu neno "wanachama." Mpangaji akishafikia ukurasa wa nne a zimemwishia, naye hulazimika kupiga kurasa hizo, azivunje, ndipo aendelee. Ndiyo maana mpiga chapa mwenye sanduku dogo hawezi kutuwekea kitabu kizima kikisubiri huku sisi tunafikiri. Akituletea karatasi za kusahihisha, tumrudishie kwa siku tuliyoahidi.

Na kusahihisha si kazi ya mtu mmoja. Mwenye kuandika hasomi kilichopo karatasini. Husoma kilichomo moyoni mwake. Wawepo wawili: mmoja asome kwa sauti maandishi ya kwanza, mwingine afuate kwa kalamu katika karatasi ya mpiga chapa. Majina yasomwe herufi kwa herufi. Tarakimu zisomwe moja moja, "moja, saba," wala si "kumi na saba" kwa haraka. Wakimaliza, wabadilishane, waanze tena.

Juu ya gharama sitakawia. Wako walionishauri tutumie stensili na mashine yetu hii ya chama, kwa kuwa ni rahisi. Kwa nakala mia mbili ningekubali. Lakini walimu wanataka mia nane, na stensili ya ukurasa mmoja huweza kupasuka kabla ya hapo, tukalazimika kupiga taipu upya, na kila kupiga taipu upya ni mlango mwingine wa makosa. Kwa mpiga chapa, gharama kubwa ni kupanga herufi. Nakala zikizidi, huongezeka karatasi na wino tu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Jalada liwe la karatasi ya rangi moja, bila picha, na fedha itakayobaki ilipe nauli ya mwalimu mmoja aje hapa Tabora siku mbili za kusahihisha. Na wanachama wawili wajitolee kusoma pamoja naye. Mimi nitakuwa mmoja, kwa sababu mliyokwisha isikia. Maandishi yenyewe yako mezani kwa Bwana Mwekahazina. Ambaye yuko tayari kuwa wa pili aandike jina lake kabla hatujatawanyika, maana mpiga chapa anangoja jibu Jumatatu.