Kombe Chini ya Kitanda

 

Ninyi mliozaliwa karibu na bahari mwamjua kombe mkubwa wa mwambani, yule mwenye magamba mawili mazito yenye mikunjo kama mawimbi, na nyama ya ukingoni yenye rangi ya samawati, kijani au zambarau. Katika Bahari ya Pasifiki kuna aina ipitayo urefu wa mita 1 na uzito wa kilo 200. Wa kwetu, katika miamba ya Kiwayu na Kiunga huko Lamu, ni wadogo. Akifika sentimita 30 au 40, huyo ni mkubwa sana.

Baba alipohamishiwa kazi Lamu, sisi tukiwa vijana, tulikwenda Kiwayu na wavuvi. Maji ya bamvua yalikuwa yamekupwa. Tulimwona kombe mmoja, tukamvuta kwa nguvu mpaka akaachia jiwe. Tukarudi naye mjini katika beseni la maji ya bahari, tukamficha chini ya kitanda, penye baridi, asiibiwe. Twasema kweli, tulimpenda. Siku ya tatu alikuwa amepanua magamba, wala hakuyafunga tena. Nyumba nzima ilinuka, na mama akatutuma tukamtupe kabla ya sala ya jioni.

Miaka mingi baadaye, tukiwa wageni ng'ambo, tulimkuta kombe wa namna ile ile, yu hai, katika tangi la kioo sebuleni mwa mwenyeji wetu. Alikuwa amekaa naye miaka sita. Tulipomsimulia habari za beseni hakutucheka, ila alituonyesha makosa yetu moja moja. Gizani kombe hufa njaa, kwa maana ndani ya nyama yake mna vimea vidogo mno, navyo hupokea nuru na kumlisha sukari. Kwa hiyo juu ya tangi liliwaka taa kali mchana kutwa. Tena kombe hujishikiza kwa nyuzi zitokazo mguuni. Ukimvuta wampasua, na mara nyingi jeraha hilo humwua. Yeye humwekea jiwe bapa chini yake. Akiisha kujishika, husogeza jiwe, kombe humwacha.

Na maji! Hapo mwenyeji wetu alikuwa na maneno mengi. Maji yakipungua kwa joto chumvi hubaki, basi huongeza maji safi yasiyo na chumvi, ili zidumu gramu 35 hivi kwa kila lita. Hupima na chokaa, ambayo kombe huitwaa majini ajengee magamba yake. Akisafiri, humwachia jirani ufunguo na daftari. Tukamwuliza kama hachoki. Akajibu ya kuwa kombe hawezi kulia, kwa hiyo hana budi kutazamwa.

Tulikumbuka Mwanzo 2:15, mtu alipowekwa bustanini na kupewa kazi ya kuitunza. Aya hiyo tuliijua kwa moyo tangu shule ya Jumapili, na beseni lilikuwa chini ya kitanda.

Tulirudi Kiunga, ambako tangu 1979 bahari imefanywa hifadhi. Tukashuka mwambani maji yalipokupwa. Kivuli chetu kilimwangukia kombe mmoja, akajifunga mara moja, kwa kuwa ana mamia ya macho madogo ukingoni mwa nyama yake. Tukarudi nyuma tusimzibie jua, tukasimama, maji yakitufika magotini. Baada ya kitambo akafunguka.