Geji Ikikataa, Tupime Kwanza

Land Rover kuukuu ikipanda milima ya Nyambene na geji ya joto imekufa, injini yaweza kuungua, na akiba ya kikundi iishie hapo. Lakini tusikimbilie kununua geji mpya. Katika Series III, geji za joto na mafuta hupata umeme kupitia kifaa kimoja nyuma ya dashibodi, kinachoupunguza hadi volti 10. Zikiharibika zote mbili, tukague hicho kwanza.

Ikifa ya joto pekee, tuwashe swichi bila kupiga injini, tuchomoe waya wa sensa, tuuguzishe chuma cha injini sekunde chache. Mshale ukipanda, geji ni nzima; sensa ndiyo mbovu. Kwenye tangi tusijaribu hivyo: cheche na petroli ni moto.

Basi mweka hazina asilipe kabla fundi hajamwonyesha jaribio hili.