Mlango Uliofunguka Angani



Siku moja tuliondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, tukiwa wanne katika ndege ndogo aina ya Piper Cherokee. Ndege hiyo ina mlango mmoja tu, upande wa kulia, wenye makomeo mawili: moja ubavuni, jingine juu. Mzee wetu aliyeketi mbele alifunga la ubavuni. La juu likasahauliwa.

Mara tu tulipoiacha ardhi, puu! Mlango ukaachana na fremu kiasi cha vidole vitatu. Upepo ukavuma ndani, karatasi zikaruka, hatukusikizana. Mzee akaushika mlango auvute. Sisi wa nyuma tukapaza sauti, "Bwana Rubani, funga mlango!"

Rubani hakugeuka. Macho yake yalikuwa mbele na mkono wake kwenye usukani. Alisema tu, "Mzee, uache. Kazeni mikanda." Akapanda taratibu, akazunguka uwanja, akatua kama kawaida. Ndege iliposimama, akayafunga makomeo yote mawili.

"Kosa ni langu, sikukagua," akatuambia. Kisha akaeleza kwamba upepo wa nje huuzuia mlango usifunguke wote. Kelele ni nyingi, lakini ndege huendelea kuruka. Wako marubani walioanguka kwa sababu waliushughulikia mlango wakasahau kuendesha. Ndege ikapungua mwendo karibu na ardhi, wasitambue mpaka wamechelewa.

Tulinyamaza, maana tulijiona. Wakati huo kanisani kwetu palikuwa na ugomvi juu ya fedha za mabati. Tulikaa vikao usiku baada ya usiku. Wagonjwa hawakutembelewa, na nyumbani watoto walilala bila kuombewa. Sote tulikuwa tunavuta mlango. Nani alikuwa ameshika usukani?

Hata Petro alitembea juu ya maji hadi alipoutazama upepo.

Hatusemi mlango uachwe wazi. Hesabu za mabati zilipaswa kukaguliwa, nasi tulizikagua baadaye, mchana, kwa utulivu. Lakini yako mambo ya kushikwa kwanza: sala, nyumba zetu, na wale wanaotutegemea.

Ndugu msikilizaji, kelele iliyo nyumbani mwako leo ni ya mlango gani? Nawe, mkono wako uko wapi?

Mungu atusaidie sote. Kwaherini.