Mkono Hujifunza kwa Kutenda



Sisi ni wauguzi. Tunawafundisha kazi wanafunzi wa uuguzi. Karibuni wanafunzi hao wataletwa katika zahanati yenu. Tumesikia wengine wakisema, "Sisi si vyombo vya kujifunzia." Neno hilo ni la haki. Basi, tulijibu.

Hebu tuulizane. Je, mtu hujifunza kulima kwa kusoma kitabu tu? Hapana. Shamba ndilo humfundisha mkono. Uuguzi ni vivyo hivyo. Stashahada ya uuguzi hapa Tanzania huchukua miaka 3. Mwanafunzi husoma darasani. Kisha hufanya mazoezi kwa mwanasesere mkubwa. Humchoma sindano, humfunga vidonda. Lakini mwanasesere hasikii maumivu, wala haogopi. Siku moja lazima mwanafunzi amguse mgonjwa. Siku hiyo asiwe peke yake.

Tuwaambie jambo lililotupata tulipokuwa wanafunzi. Mmoja wetu alitumwa kupima mapigo ya moyo ya mama aliyejifungua usiku ule. Alimshika mkono, akababaika, hesabu ikampotea. Akaona aibu kuuliza. Akaandika 80, maana alisoma kuwa mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika.

Sista akaja, akapima mwenyewe. Akahesabu 124! Akafunua shuka. Kumbe mama anatokwa na damu nyingi! Haraka alisuguliwa tumbo ili kizazi kikaze, akachomwa sindano ya kuzuia damu, akawekewa maji ya mshipani. Akapona.

Sista hakumfukuza mwenzetu. Alimshika kidole, akakiweka mahali pa mapigo, wakahesabu pamoja dakika nzima. Tangu siku ile hatuandiki tusichokihesabu.

Basi, mnaona wenyewe. Hatari si mwanafunzi. Hatari ni mwanafunzi asiye na msimamizi, na mwanafunzi anayeogopa kusema "sijui."

Kwa hiyo, ndugu zetu, shikeni mambo matatu.

Kwanza, mwanafunzi akija kwako, ajitambulishe. Asipofanya hivyo, muulize jina lake na nani anamsimamia.

Pili, akuombe ruhusa kabla ya kukugusa. Unaweza kukubali, unaweza kukataa. Ukikataa, usinyimwe huduma. Muuguzi aliyehitimu akuhudumie.

Tatu, ukikubali, mvumilie. Akisema, "Mama, hesabu imenipotea, naomba nianze tena," usimcheke. Mpe mkono wako tena. Huyo amesema kweli, na muuguzi mkweli ndiye tunayemtaka.

Kesho mwanafunzi huyo atakuwa muuguzi. Pengine ndiye atakayempokea mjukuu wako usiku wa manane, wala hakuna sista wa kumwita. Anachojifunza leo mkononi mwako ndicho atakachokuwa nacho usiku huo.

Sasa mwenye swali aulize.